Fomu ya Kurasa Kumi na Sita

Fundi alikuwa na bahasha ya kaki yenye picha saba, zote zake, zote za pasipoti, na hakuna hata moja aliyotabasamu, maana wanaozidai picha hizo hawataki kuona meno ya mtu. Kila baada ya miaka miwili alikwenda kwa mpiga picha yuleyule wa kona ya pili, akakaa kwenye kiti kilekile cha kuzunguka, akanyoosha shingo. Zilitoka nne. Tatu alipeleka uhamiaji, moja akaitia kwenye bahasha. Ukizipanga mezani ulikuwa unamwona mwanamke mmoja anazeeka bila kubadili kola. Kwenye ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na tisa, macho yamevimba, mtu aliyelia jana yake. Kwenye ya saba alikuwa na arobaini na moja, na alishaanza kufanana na marehemu mama yake hata akaona haya kuitazama.

Miaka miwili tu. Ndivyo alivyomwambia mdogo wake siku anaondoka, mtoto amelala begani kwa huyo mdogo mtu, kimkono kinaning'inia. Miaka miwili, napata mtaji, narudi. Jamani, nani asiyeijua hiyo miaka miwili? Iliisha, ikaongezwa mingine kwa ajili ya paa la nyumba, mingine kwa ajili ya shule, mingine kwa sababu hata kurudi nako kunataka kujipanga, na baada ya hapo akaacha kutafuta sababu. Akawa anaongeza tu, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi kila mgeni akipiga hodi.

Kazi yake ilikuwa viatu, lakini si hivi vya kupangwa dirishani. Karakana yao ilishona viatu vya miguu isiyolingana: mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kisigino kilichopinda, vidole vilivyopandana, mguu uliobaki nusu baada ya kisukari. Mteja akija, Fundi alipiga magoti sakafuni, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, na kabla ya kuupima akakaa nao kimya kidogo, maana mguu uliozoea kufichwa huona aibu. Kisha akauchora, akaupima, akachonga kalibu yake, mfano wa mguu ule kwa mbao, akaipa namba na kuipanga rafuni. Rafu zilipanda mpaka darini. Kuna watu walioingia pale hawajapata kuvaa jozi ya viatu tangu wazaliwe, wakatoka wanatembea barabarani huku wanajitazama kwenye vioo vya maduka. Hicho ndicho kilichomshika, tusimwonee kwa kusema ni pesa. Kazi yake aliipenda.

Mwenye karakana aliitwa Mzee na kila mtu, mkewe akiwemo. Maneno machache, kikohozi kingi. Kila muda wa kibali ulipokaribia kwisha alikaa chini akaandika barua ileile inayodaiwa na sheria: kwamba ameitangaza nafasi hii, ametafuta mwenyeji wa kuifanya, amekosa. Akatia saini, akaupuliza wino, akampa Fundi bila kumtazama. Bila barua ile hakuna kibali, na kibali chenyewe kilikuwa cha karakana ile peke yake. Akiondoka kwa Mzee leo, kesho ni mtu wa kufungasha virago.

Safari hii alikwenda uhamiaji roho imetulia, kibali kimebakiza wiki sita, kila kitu kimekamilika ila barua. Dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mkali wa sauti lakini hana baya. Alilipekua jalada la Fundi, akalirudia tena tangu mwanzo.

"Dada yangu, una miaka kumi na minne hapa," alisema. "Ukaazi wa kudumu uliustahili tangu miaka minne iliyopita. Mbona unakuja kuomba vipande vipande?"

"Nimeizoea hii fomu fupi," alisema Fundi.

"Ndiyo imekuzoea wewe." Yule mama akavuta fomu nyingine, nene, kurasa kumi na sita, akaiweka juu ya ile ya kurasa mbili. "Ukipata huu hutafuti barua ya mtu. Kazi utafanya utakapo. Ukitaka kwenda kwenu miezi mitatu unakwenda, na unarudi. Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kike."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Anatimiza kumi na minane baada ya miezi minne."

Yule mama alivua miwani ikamwangukia kifuani. "Basi nisikilize vizuri. Mtoto asiyetimiza kumi na minane anaingia humuhumu, ukurasa wa tisa, maombi yako na yake yanakwenda pamoja. Akishatimiza, ukurasa huo haumhusu. Ataomba kivyake kama mgeni yeyote, na hiyo foleni hata sikushauri uiulize. Lete cheti chake cha kuzaliwa. Na usilete fomu zote mbili, wanapokea moja tu. Chagua kabla kibali hakijaisha."

Fundi alitoka pale na fomu zote mbili kwapani, akapita kituo chake cha basi bila kukiona. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mama wa simu, mama wa Jumapili saa kumi, mama wa nguo zilizofika zikiwa ndogo kwa sababu kila alipokisia kimo, mtoto alikuwa ameshakipita. Likizo ilikuwa wiki tatu kila miaka miwili na nusu, akibahatika. Sasa mtu amemwambia kwamba kuna ukurasa wa kuandika jina la mtoto wake, na kwamba ukurasa huo una miezi minne ya kuishi. Alisimama mbele ya duka la mapazia, akashika mdomo wake kwa kiganja, akalia kwa furaha na kwa woga kwa pamoja.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kinanda. Alizaliwa na kifua kibovu, akipumua kinapiga miluzi, na mdogo wake Fundi, ambaye mzaha haumwishi hata msibani, akambandika jina hilo likaganda. Alipoachwa hakuwa ametimiza miaka minne. Mama yake mdogo alikuwa na mume dereva wa kampuni na wavulana wawili, na Kinanda akaingia katika nyumba ile akawa wa tatu. Kinanda akamwita mama mdogo Mama, kwa sababu ndivyo wale wavulana walivyomwita. Na mama yake wa kumzaa, Kinanda akamwita Mama Mkubwa, kwa sababu hivyo pia ndivyo walivyomwita. Hakuna aliyemfundisha. Fundi alipolisikia jina hilo kwenye simu mara ya kwanza alicheka sana, akaaga vizuri, akaenda kukaa stoo ya ngozi mpaka alipokuja kutafutwa.

Jumapili ile alimpigia mdogo wake, akamweleza yote kwa pumzi moja. "Cheti cha Kinanda tu ndicho kimebaki," alimalizia. "Mengine yote ninayo."

Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa.

"Dada," alisema mdogo wake, "umekaa?"

"Nimekaa."

"Unaukumbuka mwaka ule Kinanda alipolazwa mara tatu? Nikakwambia tumemwingiza kwenye bima ya kazini kwa shemeji yako?"

"Nakumbuka. Nikasema Mungu awabariki."

"Ulisema. Lakini hukuuliza tumemwingizaje. Bima ilikuwa ya watoto wa kuzaa. Wa ndugu haiwataki. Na Kinanda hakuwa na cheti, uliondoka hujamwandikisha. Basi tukaenda tukamwandikisha sisi. Mimi mama, shemeji yako baba. Nilikuwa nakwambia mwaka huu, nakwambia mwaka ujao, nikaona haya. Kwenye karatasi zote za serikali, Dada, Kinanda ni wangu."

Fundi hakukasirika. Alizitafuta hasira hakuziona. Angemkasirikia nani? Mwaka ule yeye alikuwa huku anachonga mbao, na mwenzake alikuwa kule kwenye benchi la hospitali, ameshika mtoto wima kifuani, anahesabu pumzi. Kampuni yenyewe ilishafungwa zamani, bima ikafa nayo, kikabaki cheti. Wote wawili walikosea, mmoja kwa kutosema na mwingine kwa kutouliza, na wote walifanya hivyo kwa kupendana.

Alirudi kwa mama mwenye miwani. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akapumua, akasema inarekebishika. Aliyeandikwa aende mbele ya hakimu akale kiapo kwamba mtoto huyu hakumzaa, na kwamba hana madai yoyote ya mzazi juu yake. Kiapo kikifika, fomu itapokelewa. Kipimo cha vinasaba na cheti kipya vitafuata baadaye. "Lakini aanze sasa hivi," alisema. "Si mwezi ujao."

Hana madai yoyote ya mzazi juu yake. Fundi alirudi na maneno hayo kwenye basi, akayapandisha ngazi, akalala nayo, akaamka nayo. Atamwambiaje? Atampigia simu mtu aliyemlelea mtoto, mtu aliyejua homa ya mtoto wake kwa kumgusa shingo, amwambie nenda mbele za watu ukatamke kwamba wewe si kitu? Alifanya alichozoea kufanya. Saa ya chakula aliijaza ile fomu fupi, ikamchukua dakika kumi, mkono wenyewe ulikuwa unaijua njia. Ile ndefu aliificha chini ya ngozi ya ndama. Kwa mdogo wake alituma ujumbe: usihangaike na cheti, naongeza muda tu kama kawaida, mtoto ataniona likizo. Akapiga moyo konde, akaenda kumwomba Mzee barua.

Mzee alikuwa anapaka gundi kwenye soli. Aliitazama fomu fupi, hakuigusa.

"Ile nyingine umeiweka wapi?"

"Ipi, Mzee?"

"Ile nene. Iko chini ya ngozi ya ndama. Ngozi ile naigeuza kila asubuhi, wewe umesahau."

Basi Fundi akasema. Alisema amesimama, halafu akavuta kigoda akakaa. Alieleza bima, cheti, kiapo, miezi minne, na Kinanda. Mzee alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji.

"Barua nilizokuandikia ni saba," alisema. "Zote za uongo. Sijapata kuitangaza nafasi yako hata siku moja. Niliogopa asije akatokea mtu."

Fundi alimkodolea macho.

"Na nilikuwa nafurahi kwamba kibali ni cha hapa tu. Nakwambia ukweli ulivyo. Nilikuwa nasema, huyu hana pa kwenda, nitazeeka naye hapahapa. Mke wangu ameniambia mara nyingi kwamba nina roho mbaya."

"Mzee, lakini mimi sina mpango wa kuondoka."

"Huna kwa sababu huwezi. Mimi nataka nikuone umebaki na huku unaweza kuondoka." Alifunika kopo la gundi, akagonga kifuniko kwa ngumi. "Hii ya nane siandiki. Ukaazi ukikwama nitaandika zingine kumi, lakini hii siandiki. Na huyo mdogo wako mpigie simu. Umemwamulia jambo lake bila kumuuliza, na yeye ni mtu mzima."

Fundi alikasirika, na safari hii hasira hakuzitafuta. Alivuta fomu yake, akarudi kwenye benchi lake, akachonga kisigino cha kalibu mpaka kikawa chembamba kupita kiasi na mbao ikawa ya kutupa. Lakini Mzee alikuwa amesema kweli, na alijua. Siku tatu alizunguka na simu mfukoni. Siku ya nne, saa ya chakula, wenzake wametoka nje kuota jua, akapiga.

Alipokea Kinanda.

"Mama Mkubwa, shikamoo. Mama yuko hapa nje, anakunywa maji. Tumetoka kwa hakimu."

"Kwa hakimu? Kufanya nini?"

"Ule ujumbe wako aliusoma kwa sauti tukiwa mezani. Akasema, Dada anadhani mimi sijui kuuliza. Akaenda kwa wakili akauliza mwenyewe ni kitu gani kinatakiwa." Kinanda alishusha sauti. "Hakimu alikuwa anamsomea, yeye anarudia. Akasema, huyu si mtoto niliyemzaa. Mama akarudia. Akasema, sina madai yoyote ya mzazi juu yake. Mama akanyamaza. Hakimu akangoja. Watu wakaanza kutazamana. Karani akamletea maji, akanywa glasi nzima, akaomba nyingine, akanywa. Ndipo akarudia."

Fundi alijiegemeza kwenye rafu.

"Upo?" aliuliza Kinanda.

"Nipo, mwanangu. Na wewe? Mbona hakuna aliyekuuliza wewe? Unataka kuja?"

Msichana alifikiri kwanza. Fundi alimpenda kwa kufikiri kwanza.

"Nataka. Nitamlilia Mama, hilo ujue. Lakini nataka kukuona siku ya kawaida. Ukija huku kila siku ni shughuli, nyumba imejaa watu, wewe unagawa nguo na kucheka. Sijui ukichoka unakuwaje."

"Nikichoka nanuna."

"Basi ni kama Mama. Huyu hapa, anataka simu."

Simu ilibadili mkono. Zikasikika hatua, kelele za barabarani, mtu anapenga kamasi.

"Haya, Dada. Nimekula kiapo. Sasa mimi ni jirani yenu tu, nikija kuomba chumvi msininyime."

"Acha utani, mdogo wangu."

"Nikiacha nitalia hapa barabarani, na mle ndani nimeshawapa watu sinema ya kutosha."

"Nisamehe," alisema Fundi. "Nisamehe sana. Mimi nilitaka usiape. Nilitaka niongeze muda, mambo yaishe."

"Yaishe vipi? Unaongeza muda tangu mtoto hajaota meno ya ukubwani. Miaka yote nilikuwa nikimwambia mama yako anarudi, mama yako anarudi, mpaka akaacha kuniuliza. Siku alipoacha kuuliza mimi nilifurahi, Dada. Kweli tupu. Nikasema moyoni, sasa ni wangu. Halafu nikakuona kwenye likizo unamchana nywele, unaogopa kumuumiza, nikajisikia mwizi." Akavuta pumzi. "Kiapo wakili anakituma leo. Wewe peleka hiyo fomu. Ndefu, si fupi."

"Naipeleka kesho asubuhi."

"Vizuri. Sasa chukua kalamu."

"Ya nini?"

"Chukua kwanza."

Fundi akavuta kipande cha karatasi ngumu ya kukatia ngozi, akapiga magoti pale pale sakafuni, maana ndivyo alivyozoea kuandika vipimo vya watu.

"Kifua kimepona lakini vumbi hakitaki. Chumba chake usipige deki kwa maji baridi akiwemo, mtoe. Asubuhi usimsemeshe mpaka anywe chai. Atakuitikia, lakini hayupo. Chai sukari vijiko viwili, atakwambia kimoja, ni uongo, anaona haya. Umeandika?"

"Naandika."

"Akiwa na jambo anafagia. Ukimkuta anafagia palipofagiwa, usimuulize. Chukua ufagio wa pili, fagia naye, atasema mwenyewe. Akikohoa kavu mara tatu mfululizo, hilo ni la kawaida. Ikifika tano, mkalishe wima. Hesabu ameshindikana, usimpigie kelele, ila kwenye kuchora mkono wake ni wako, unaujua mwenyewe. Mkufu niliompa usimwambie avue hata akioga. Akiumwa hasemi. Mguse shingo hapa nyuma, si kwenye paji, paji lake linadanganya. Na akiota vibaya anakuja kulala miguuni kwangu. Mtu mzima vile, anakuja na mto wake. Shemeji yako kasema mpaka kachoka. Usimfukuze."

Kalamu ilikuwa inakimbia. Herufi za Fundi, ambazo kwenye kalibu zilikuwa nzuri za kuchapwa, zilipinda zikapandana. Machozi yalidondoka kwenye karatasi, akayafuta kwa kiwiko asije akaharibu vijiko vya sukari.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nisomee."

Fundi akasoma. Alisoma polepole, kama mtu aliyepewa hukumu yake aisome mwenyewe: vumbi, maji baridi, chai, ufagio. Mdogo wake alimsahihisha mahali pamoja, kwamba kikohozi ni cha tano si cha nne. Akasema ndiyo kwenye mkufu. Akasema ndiyo kwenye shingo. Fundi akaendelea, akasoma akiota vibaya anakuja kulala miguuni, anakuja na mto wake.

Hapo mdogo wake hakusema ndiyo. Magari yalipita upande wa pili, moja likapiga honi.

"Hilo likate, Dada," alisema.

"Lipi? La miguuni?"

"Hilo. Akija kwako atakuja mwenyewe, hatakuwa anafuata maandishi. Asipokuja, basi hilo niachie mimi."

Fundi aliiegemeza karatasi kwenye goti, akaukata ule mstari, akarudia kuukata mara ya pili usisomeke kabisa, akamwambia mdogo wake kwamba ameukata.